Utafiti ni Amana: Somo la Homa ya Bonde la Ufa Garissa

(Haya ni maneno ya mhadhara uliotolewa mbele ya vijana na wazazi mjini Garissa katika mwezi mtukufu wa Ramadhan, baada ya swala ya Alasiri. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (SWT), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aali zake na sahaba zake wote.



Najua mmefunga, jua la Garissa mwalijua, na magharibi bado. Kwa hivyo sitawachosha. Nimeambiwa nizungumze juu ya elimu na utafiti. Nilipoambiwa hivyo nikajiuliza: nikisema neno "utafiti" hapa, kijana ataona nini kichwani mwake? Ataona mtu wa Nairobi ameshuka kwenye gari nyeupe na karatasi mkononi, anauliza maswali mengi, mna mbuzi wangapi, mwala mara ngapi, choo kiko wapi. Anaandika, anashukuru, anaondoka. Na hatumuoni tena. Si ndiyo? Nawaona mnacheka.

Basi leo sitazungumza juu ya utafiti kwa jumla. Nitawaeleza juu ya jambo moja tu ambalo limetokea hapa hapa kwetu, limeua watu wetu na mifugo yetu, na ndani yake mna afya, mna mazingira, mna teknolojia na mna elimu. Jambo hilo ni Homa ya Bonde la Ufa. Wazee wetu wafugaji wana jina lao, wanaita sandik, yaani ule ugonjwa wa kutoka damu puani.

UGONJWA WENYEWE

Kwa wale ambao walikuwa wadogo au hawajazaliwa, nianze mwanzo. Ugonjwa huu uliandikwa kwa mara ya kwanza na wataalamu hapa hapa Kenya, mwaka 1931, baada ya kondoo wengi kufa katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Ndipo ukapewa jina la Bonde la Ufa. Lakini msidanganyike na jina. Pigo kubwa kabisa limetupata sisi wa huku Kaskazini Mashariki.

Mnakumbuka mvua za El Nino za mwisho wa 1997 na mwanzo wa 1998. Barabara zilikatika, watu wakaletewa chakula kwa ndege. Baada ya maji, ukaja ugonjwa. Wataalamu walipopima damu za watu baadaye, walikadiria kwamba katika wilaya ya Garissa peke yake watu wapatao 27,500 waliambukizwa. Wengi wao waliugua homa tu wakapona, hata hawakujua ni nini. Lakini wengine walitoka damu, wengine wakachanganyikiwa akili kwa sababu ubongo umevimba, wengine wakabaki na macho yasiyoona vizuri. Na wengine wakafa.

Kisha miaka 9 baadaye ukarudi. Desemba 2006 watu wakaanza kufa hapa Garissa kwa homa na kutokwa damu. Kufikia tarehe 20 ya mwezi ule vifo 11 vilikuwa vimeripotiwa. Damu ikapelekwa maabara ya KEMRI, ikapimwa, jibu likawa ni Homa ya Bonde la Ufa. Kutoka mwisho wa Novemba 2006 mpaka Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na katika hao 155 walifariki. Inna lillahi wainna ilayhi rajiun. Ugonjwa ukavuka Somalia, ukateremka mpaka Tanzania.

Na hasara ya mali? Wataalamu wa uchumi walipiga hesabu wakaona Kenya ilipoteza zaidi ya shilingi bilioni 2.1. Masoko ya mifugo yalifungwa, kuchinja kukapigwa marufuku. Hapa Garissa, mji ambao soko la mifugo ndilo moyo wake, mwenye bucha alikaa, mbeba mizigo alikaa, mama muuza maziwa alikaa. Na Idd-ul-Adh'ha ya mwaka ule iliangukia mwisho wa Desemba, marufuku yakiwa motomoto.

ADEER NA KONDOO DUME

Sasa niwape kisa cha kwetu nyumbani. Mwaka ule mimi nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nimetoka likizo, nikaenda kukaa na adeer yangu, ndugu yake baba, upande wa Ijara. Mvua za deyr zilikuwa zimepiga vibaya. Maji yalisimama kila mahali, malisho yakawa mabichi, mpaka sisi vijana tukafurahi. Adeer hakufurahi. Nakumbuka jioni moja mbu walitoka wengi, si mbu wa kawaida, hata ng'ombe walikuwa wanakimbia ovyo zizini. Akasema, "Hawa mbu ni wa sandik. Mwezi huu hautaisha salama." Nikamwona ni mzee tu anapenda kuhofia. Mimi nimesoma baiolojia bwana!

Baada ya wiki mbili tatu, kondoo wakaanza kutupa mimba. Si mmoja, si wawili, karibu wote waliokuwa na mimba. Wana-kondoo wakafa. Kisha kondoo dume mmoja, mkubwa, aliyekuwa amewekwa kwa ajili ya Idd, akaanza kuinamisha kichwa na kutoka ute wenye damu puani. Adeer akachukua kisu haraka. Kwa nini? Kwa sababu mnyama akifa mwenyewe ni mzoga, na mzoga ni haramu, hilo kila mtoto hapa analijua. Akichinjwa kabla hajafa, nyama inaliwa. Na ile ni mali, watoto wana njaa, umemfuga miaka. Basi akamchinja, akamchuna kwa mikono yake, damu mpaka kwenye viwiko.

Siku chache baadaye homa ikampiga. Kichwa, viungo, macho mekundu. Hakupelekwa hospitali kwa sababu barabara haikuwepo. Hakupimwa, kwa hivyo siwezi kusimama hapa nikaapa kwamba ulikuwa ni ugonjwa huo. Lakini alipopona, jicho lake la kulia halikuona tena sawasawa mpaka leo. Ukimsalimia anageuza kichwa kidogo ndipo akuone.

Kwa miaka mingi nimekifikiria kisa hicho. Adeer alijua mbu. Alijua mvua. Alijua mnyama ana ugonjwa gani, na jina lake. Kitu ambacho hakukijua ni kimoja tu: kwamba damu ile ya kondoo ndiyo mlango wa ugonjwa kumwingia binadamu. Na mimi niliyekuwa nasoma sikujua hata kimoja.

SETILAITI ILIONA NINI

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wakati ule sisi tuko Ramadhan ya mwaka 2006, ambayo ilianza mwisho wa Septemba, kulikuwa na watu Marekani wanatazama bahari kwa setilaiti. Waliona maji ya Bahari ya Pasifiki na ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yanapata joto kuliko kawaida. Walijua kutokana na miaka ya nyuma kwamba bahari hizo zikipata joto pamoja, Afrika Mashariki inapata mvua kubwa za mwisho wa mwaka. Katika watafiti hao alikuwemo Assaf Anyamba wa shirika la anga la NASA, na Kenneth Linthicum, ambaye pamoja na wenzake waliandika mwaka 1999 kwamba ugonjwa huu wa Kenya unaweza kutabiriwa miezi kadhaa kabla.

Msidhani setilaiti inaona mbu. Haioni mbu wala kirusi. Inachoona ni joto la bahari, mawingu, na ukijani wa majani. Mahali palipokuwa pakavu pakigeuka kijani kibichi ghafla, basi pana maji. Na pakiwa na maji yaliyosimama, pana mbu. Hesabu ni hiyo tu.

Lakini kwa nini mbu wa maji hayo wawe na ugonjwa? Hapa ndipo utafiti wa mazingira unapotusaidia. Kuna mbu wa jamii inayoitwa Aedes. Huyu hatagi mayai juu ya maji kama mbu wengine. Anataga kwenye udongo wenye unyevu, katika yale mabonde ya chini yanayojaa maji mvua ikizidi. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanakaa ndani ya udongo mkavu, mwaka, miaka, yanangoja. Na watafiti waligundua miaka ya 1980, hapa Kenya, kwamba mbu jike anaweza kukipitisha kirusi ndani ya yai lake. Yaani ugonjwa unalala ndani ya ardhi yetu wakati wa ukame, sisi tunapita juu yake na ngamia wetu, na siku mafuriko yanapokuja, mayai yanaanguliwa kwa pamoja.

Wakati wa mlipuko wa 2006 na 2007, watafiti wa KEMRI na wenzao, akiwemo Rosemary Sang, walinasa mbu karibu 297,000 katika wilaya kadhaa za Kenya. Waliwagawa, wakapima sehemu yao, wakakuta kirusi ndani ya aina 10 za mbu. Hebu fikiria kazi hiyo. Mtu amekaa na darubini, anatenganisha mbu mmoja mmoja. Sisi tukimwona mbu tunapiga kofi tu.

Basi tahadhari zikatolewa. Kufikia Novemba 2006 hata Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilikuwa limezionya nchi za Pembe ya Afrika. Watafiti wenyewe waliandika baadaye kwamba onyo lao lilitangulia ugonjwa kwa muda wa wiki 2 mpaka 6.

Tena nawauliza: je, onyo hilo lilimfika adeer yangu?

SIKU ZILIZOPOTEA

Halikumfika. Na hilo si maneno yangu tu. Baada ya mlipuko, wataalamu wa ILRI, ile taasisi ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walikuja huku Kaskazini Mashariki. Safari hii walifanya jambo ambalo wengi hawakulifanya. Walikaa chini na wafugaji, chini ya mti, wakawauliza: nyinyi mliona nini, na lini? Wakapanga siku pamoja nao.

Majibu waliyoyapata kwa wastani ni haya, yaandikeni. Kutoka mvua kubwa kuanza mpaka mbu kutoka kwa wingi, siku 24 hivi. Kutoka mbu kutoka mpaka mnyama wa kwanza kuugua, siku 17. Kutoka mnyama wa kwanza mpaka mtu wa kwanza kuugua, siku 17 na nusu. Jumlisheni. Kutoka mvua mpaka mtu wa kwanza ni karibu siku 58. Karibu miezi miwili!

Sasa msaada ulifika lini? Watu wa afya walifika siku 30 baada ya mtu wa kwanza kuugua. Na watu wa mifugo walifika karibu siku 62 baada ya wale mbu kutoka. Mbu mpaka mtu ni siku 34, watu wa mifugo siku 62. Maana yake ni kwamba walipofika kutazama wanyama, binadamu alikuwa ameshaanza kuugua kwa karibu mwezi mzima.

Na wataalamu hao waliandika wazi kwamba wafugaji wa Kisomali walizitambua dalili za ugonjwa huu kwa usahihi mkubwa, mvua, mbu, mimba kutupwa, damu puani, na walizitambua kabla ya tahadhari kuwafikia. Kwa hivyo elimu ilikuwepo juu angani, na elimu ilikuwepo chini kwenye zizi. Elimu mbili, zote za kweli. Kilichokosekana ni mtu wa katikati wa kuzikutanisha.

Vijana, mtu huyo wa katikati ni nani? Nasema ni wewe. Wewe unayejua Kisomali cha babu na Kiingereza cha darasani na una simu mfukoni.

HALALI NA SALAMA

Sasa nitasema jambo gumu kidogo, na masheikh wako hapa, nikikosea wanirekebishe. Mimi si mufti.

Watafiti walipochunguza ni akina nani waliugua vibaya mwaka 2007, walikuta mambo matatu yanarudi rudi: mtu aliyegusa kitoto cha mnyama kilichotupwa, mtu anayechunga, na mtu aliyeshika au kula kitu cha mnyama mgonjwa. Mbu yumo, ndiyo, lakini damu na uchafu wa uzazi wa mnyama mgonjwa ndio hatari kubwa.

Sisi tunajua kumchinja mnyama kabla hajafa kunaitoa nyama kwenye uharamu wa mzoga. Lakini dini yetu inapotaja chakula haisemi halali peke yake. Inasema halali na kilicho kizuri. Na kanuni ya kutojidhuru wala kuwadhuru wengine tunaisoma madrasa tangu utoto. Kwa hivyo swali la "hii ni halali?" linafuatwa na swali la pili, "hii ni salama?" Mnyama anayetoka damu puani wakati wa mafuriko, kumchinja kwake kunaweza kukuua wewe mchinjaji kabla hata nyama haijafika jikoni. Na anayechuna mara nyingi ni nani? Ni kijana. Anayeosha matumbo ni nani? Ni mama na dada.

Mtume (SAW) alitufundisha kutafuta tiba. Alitufundisha pia mtu asiingie katika mji wenye tauni, na aliye ndani asitoke kuikimbia. Hiyo ndiyo karantini, na sisi tulipewa karne 14 zilizopita. Mtu asituambie kwamba kujikinga ni kukosa tawakal. Ngamia hufungwa kwanza, kisha ndiyo tunamtegemea Allah.

Na mnakumbuka mwaka 2000 ugonjwa huu ulivuka bahari ukaingia Saudia na Yemen, mara ya kwanza kabisa kuonekana nje ya Afrika. Saudia ikawa imefungia mifugo ya Pembe ya Afrika, na ndugu zetu wafugaji wa Somalia wakaumia miaka mingi. Kwa hivyo si zizi lako tu. Mnyama mmoja mgonjwa anaweza kufunga bandari.

TUFANYE NINI

Nitataja machache, ya kufanya nyumbani, hayahitaji fedha za wafadhili.

Kwanza, mvua ikinyesha kupita kiasi na maji yakasimama zaidi ya wiki mbili tatu, hesabu siku. Kila familia ya wafugaji ijue: kuanzia hapo tuko ndani ya zile siku 58.

Pili, mimba zikitupwa kwa wingi, au vitoto vikifa kwa pamoja, usingoje. Mpigie simu afisa wa mifugo wa kaunti siku hiyo hiyo. Usiguse kwa mikono mitupu. Tumia glavu, na kama huna, hata mfuko wa plastiki. Zika chini sana au choma, wala usiwatupie mbwa.

Tatu, usimchinje mnyama mgonjwa wakati huo. Najua inauma. Lakini hesabu mwenyewe, mbuzi mmoja na baba mmoja, ni kipi ghali?

Nne, maziwa yachemshwe, nyama ipikwe ikaive. Najua wengine mwapenda maziwa mabichi ya ngamia. Wakati wa mlipuko, tafadhali, chemsha. Na tulale ndani ya chandarua.

Tano, chanjo. Kwa wanyama chanjo ipo, na inatengenezwa hapa Kenya. Lakini chanjo ina wakati wake. Inatakiwa kabla, wakati onyo limetoka na mvua bado. Ugonjwa ukishaingia, sindano moja ikitembea kutoka mnyama hadi mnyama inaweza yenyewe kueneza kirusi. Kwa binadamu, chanjo ya kutumiwa na watu wote bado. Lakini kuna ya majaribio iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Oxford, ikajaribiwa kwa watu Uingereza kisha Uganda, na mmoja wa wanaoiongoza kazi hiyo ni Mkenya, George Warimwe, anayefanya kazi na KEMRI kule Kilifi. Mkenya, nasema. Si lazima mtafiti awe mgeni.

Na ugonjwa huu haujaondoka. Juni 2018 ulizuka Wajir, upande wa Eldas, ukaua. Mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021 ukawa Isiolo na Mandera, ukaua tena. Mwisho wa 2023, baada ya misimu mitano ya mvua kukosekana, mliona wenyewe mto Tana ulivyofurika na barabara ya Nairobi ikakatika hapo Mororo. Mayai yako ardhini. Mvua nyingine itakuja tu.

MASWALI

Baada ya maneno hayo ndugu zetu walipewa nafasi, na maswali mawili tunayaweka hapa.

Dada mmoja wa kidato cha nne aliuliza: "Mwalimu, wewe wasema tuwe watafiti. Shule yetu maabara yake ina meza tu. Tutaanzia wapi?"

Jibu: Dada yangu, umesema kweli na sitaki kukudanganya. Lakini wale wataalamu wa ILRI waliokuja kupata zile siku 24 na 17, hawakuja na maabara. Walikuja na masikio, kalamu na subira. Wewe unaye ayeeyo nyumbani? Basi anza Idd hii. Muulize: mvua kubwa unazozikumbuka ni za mwaka gani? Mbu walitoka baada ya siku ngapi? Mnyama gani alitangulia? Andika kwenye daftari, na tarehe. Andika wenzako kumi wafanye hivyo hivyo, kisha linganisheni. Huo tayari ni utafiti. Na leo tuna Chuo Kikuu cha Garissa, kilichopata hati yake kamili mwaka 2017, baada ya machungu mnayoyajua. Nenda na daftari lako pale, waambie mimi ninacho hiki, nyinyi mna nini? Usiende mikono mitupu ukingoje upewe.

Mzee mmoja akasimama akasema: "Mwanangu, sisi tumeulizwa maswali tangu Kenya ipate uhuru. Wameandika vitabu. Sisi faida yetu iko wapi?"

Hapo, ndugu msomaji, pakawa kimya.

Jibu: Abti, haki yako. Mtu akichukua maneno yako akaenda nayo asirudi, amechukua amana akaila. Na amana ni deni. Kwa hivyo mimi nawaomba wazee wetu muwe na sharti. Mtafiti akija, mkaribisheni, mpeni chai, lakini muulizeni: utarudi lini kutueleza ulichopata, na kwa lugha gani? Akisema harudi, basi mwambieni maswali yaishe hapo. Na nyinyi vijana mtakaosoma, siku mtakaporudi na gari nyeupe, kumbukeni mlikuwa mnacheka leo.

Mzee akatikisa kichwa akasema, "Basi wewe wa kwanza utarudi kwa adeer yako umweleze." Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Lakini nawaambia kweli, nilikwenda. Wiki iliyotangulia Ramadhan nilikwenda nikakaa naye, nikamweleza yote haya, setilaiti, mayai ya mbu, zile siku, damu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kageuza kichwa vile anavyogeuza. Kisha akauliza swali moja tu: "Mwaka ule, kuna mtu alikuwa anayajua haya kabla sijamchinja yule kondoo?" Nikamwambia, ndiyo adeer, walikuwepo. Akanyamaza muda mrefu. Akasema, "Basi wewe usinyamaze."

Ndiyo maana nimekuja leo.

Tunamwomba Allah (SWT) azikubali funga zetu na swala zetu, awarehemu waliotangulia kwa maradhi haya, awaponye wagonjwa wetu, aihifadhi mifugo yetu, atuletee mvua yenye baraka isiyo na madhara, na awajaalie vijana wetu elimu yenye kunufaisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.